Nyumba ya Likizo Kilwa, Watu Sita na Mke Aliyegoma Kupika

Safari za wikiendi ndefu siku hizi zinaanzia kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja anatupia picha ya bahari, wa pili anaandika "twendeni jamani", wa tatu anauliza "kichwa bei gani?", na kabla hujakaa sawa mshaanza kuchangishana. Ndivyo ilivyokuwa kwa marafiki sita wa Dar, wanandoa watatu, wote wa umri ule wa kazi nyingi na usingizi kidogo. Zanzibar walishaenda, Bagamoyo walishaizoea. Safari hii wakasema Desemba twende Kilwa.

Walipopiga hesabu ya hoteli, watu sita kwa usiku tatu, bajeti ikakataa. Wakapata nyumba ya kukodi Kilwa Masoko, upande wa ufukwe wa Jimbiza. Vyumba vitatu, baraza pana inayotazama bahari, friji, jiko la gesi na vyombo. Mmoja wa wanaume akaandika kwenye grupu, "Safi sana! Tutajipikia wenyewe, tunaokoa hela kibao." Kila mtu akaweka dole gumba.

Stori yote inaanzia kwenye hilo neno, "tutajipikia". Kwenye grupu linasomeka kama watu sita. Likifika jikoni linakuwa mtu mmoja.

Mtu mwenyewe ni dada mmoja mwenye mikono mizuri, mhasibu kwenye ofisi fulani mjini, mke wa miaka mitano, mama wa mtoto mmoja ambaye safari hii aliachwa kwa bibi yake. Siku za kawaida anaamka saa kumi na moja alfajiri. Chai, chakula cha mtoto cha kubeba, foleni, kazi, foleni tena, halafu jiko mpaka saa tatu usiku. Marafiki wote wanaijua pilau yake. Kwa hiyo wiki ya safari, meseji alizopata hazikuwa za kumuuliza anataka kula nini Kilwa. Zilikuwa hivi: "Shem, usisahau viungo vya pilau."

Hakusahau. Deli la barafu lilijaa kuku wanne wa kisasa, nyama ya ng'ombe kilo tatu na soseji. Pembeni mchele, unga, mafuta ya lita tano, ndoo ya viazi, vitunguu, nyanya za kopo. Noah waliyokodi ilionekana kama gari la watu wanaohama. Waliondoka alfajiri, Mbagala, Mkuranga, Kibiti, wakavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwapumzisha watu wa kusini adha ya kusubiri kivuko. Walipofika Somanga wakasimama kama wanavyosimama wasafiri wengi wa njia ile. Wauza samaki wa kukaanga wakajaa madirishani, samaki wa moto, chumvi na pilipili pembeni. Wakala hapohapo ndani ya gari wakilamba vidole.

"Duh, hawa samaki ni balaa," mume wa yule dada akasema.

Hakuna aliyejiuliza swali dogo tu. Kama huku samaki ni watamu hivi, kuku wa Dar waliolala kwenye barafu wanaenda kufanya nini? Nangurukuru wakakata kushoto, mchana wakawa Masoko.

Wenzake walishusha mabegi wakakimbilia maji. Yeye akafungua deli. Barafu ilikuwa imeshayeyuka nusu, na anayejua jiko anajua maana yake. Kuku wakaange leo, nyama ichemshwe leo. Jiko la gesi lilikuwa na sehemu mbili za kupikia, moja ikiwaka kwa kusinzia. Kisu cha nyumba ile hakikuwa na makali ya kukata hata nyanya. Wale wadada wengine wawili walikuja wakamenya viazi kidogo, wakacheka naye kidogo. Jua lilipoanza kuzama wakaitwa kwenda kupiga picha, wakaenda. Hawakuwa na ubaya. Waliona kuna mtu anaimudu kazi, basi.

Watu walikula saa tatu usiku. "Shem, mikono yako ibarikiwe!" Picha ya sinia la kuku na chipsi ikapanda Instagram. Mpishi hakuwemo kwenye picha, maana alikuwa anaosha kikaango.

Jumamosi ilikuwa siku ya Kilwa Kisiwani. Boti ilishapangwa, kibali kimeshachukuliwa, kuondoka saa mbili asubuhi. Kati ya wale sita, aliyekuwa na hamu zaidi na kile kisiwa alikuwa yeye. Alikisoma shuleni, mwalimu wa historia akakichora ubaoni kwa chaki, akawaambia kuwa dhahabu ya Sofala ilipita pale, kuwa Kilwa ilitengeneza sarafu zake yenyewe. Tangu siku hiyo akajiambia ipo siku atakanyaga pale.

Usiku ule umeme ukakatika mpaka alfajiri. Friji likawa kabati. Asubuhi akainua mfuniko wa sufuria ya nyama, akanusa, akajua hii isipogeuzwa pilau sasa hivi itatupwa.

"Nyie nendeni," akawaambia. "Mimi nitaenda siku nyingine."

"Una uhakika?" mumewe akamuuliza.

Wanawake wengi wanalijua hilo swali. Ni lile ambalo mtu anakuuliza akiwa ameshavaa viatu.

Kupitia dirisha la jikoni aliiona boti ikivuka. Kutoka Masoko mpaka Kisiwani ni kama kilomita mbili tu za maji, karibu kiasi kwamba ukiwa na macho mazuri unaona kuta za Gereza, ngome ya kale iliyo ufukweni. Alisimama pale na mwiko mkononi mpaka boti ikawa kitone. Halafu akarudi kwenye vitunguu.

Mlinzi wa nyumba, mzee wa palepale Masoko, akaja na dafu lililokwisha kukatwa. "Mwanangu, wenzio wote wamekwenda Kisiwani. Wewe umebaki na nani?"

"Na pilau, babu."

Mzee hakucheka. "Kisiwa kipo, hakiondoki. Na mchele upo, hauondoki. Utakayeondoka ni wewe, keshokutwa." Akaweka dafu mezani, akatoka.

Wenzake walirudi saa nane mchana wamejaa jua na stori. Msikiti Mkuu, sijui Husuni, sijui birika la kuogea la sultani. Simu zikapita mkono kwa mkono. Sentensi ya pili ya mumewe alipoingia mlangoni ilikuwa, "Chakula tayari?"

Chakula kilikuwa tayari. Watu wakala pilau, wakasifia, wakalala usingizi wa mchana.

Ugomvi ulikuja usiku, barazani, kwa sauti za chini, kama wanavyogombana watu waliofikia nyumba moja na marafiki.

"Baba, hebu niambie. Nimekuja likizo au nimehamisha jiko?"

"Sasa mama, si ungesema tu? Ungesema umechoka, mtu angekusaidia."

"Ningesema nini? Niombe ruhusa ya kuiona bahari?"

Mume akakaa kimya. Ndipo mke akamwambia kitu ambacho alikuwa nacho moyoni wiki mbili. Alishampigia simu mama yake. Alishamwomba Januari aende na mtoto akakae pale nyumbani, "nipumzike kidogo". Mama mtu hakuuliza kupumzika na nini, wala kwa muda gani. Alisema tu, "Njoo."

Yule kaka hampigi mkewe. Hana mchepuko unaojulikana. Mshahara ukitoka unafika nyumbani. Ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu kulieleza kwa mtu yeyote, kwa mashoga, kwa wazazi, kwa wasimamizi wa ndoa. Utakwenda kushtaki nini? Kwamba mume hajui chujio linakaa wapi? Watu watakucheka. Lakini kuna kuchoka kwa namna hiyo, kwa mtu ambaye kila siku wanamshukuru na hakuna anayempokea mzigo.

"Kesho sipiki," akamalizia. "Hata chai."

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mume alikuwa mlangoni kwa mlinzi. "Babu, shikamoo. Samaki wanauzwa wapi?"

Walikwenda wote wawili. Mapambazuko pale Masoko ndiyo muda wake, vyombo vinarudi, ndoo zinashushwa, wanunuzi wanavutana kwa bei. Mume akasimama mbele ya mama mmoja mwenye meza ya samaki, akiwa na uso wa mtu aliyeitwa ubaoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unataka wa kukaanga au wa mchuzi?"

"Nataka wa... rahisi. Ninayepika ni mimi."

Meza za jirani zikageuka. "Kwani mkeo mgonjwa?"

"Hapana mama. Yuko likizo."

Walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Lakini yule mama alipomaliza kucheka akamfundisha kama mwanawe. Kwanza kuchagua. Jicho la samaki liwe limejaa na liwe angavu, si lililodidimia na kupata ukungu. Funua shavu, ndani kuwe kwekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi yenyewe. Samaki aliyevuliwa leo lakini nyama imelegea kama uji, mifupa imevunjika ndani na damu imevilia, huyo ni wa baruti, mwache. Uvuvi ule ni haramu kisheria, unaua mwamba, na mlaji naye hana anachofaidi. Pweza naye si wa kuchukua tu, sheria inakataza kuvua aliye chini ya gramu 500, kwa hiyo ukiona vitoto vidogo vimepangwa mezani, usiwe wewe unayevinunua.

Alimpa changu watatu wakubwa, akawaparua magamba, akawatoa matumbo, akawakata vipande. "Hawa kawapike chukuchuku. Hilo hata mtoto wa darasa la nne hakosei."

Akatoka pale na changu, vipande vya pweza aliyekwisha kuchemshwa, na kamba nusu kilo. Njiani mlinzi akamwelekeza kwa mama wa vitumbua. Wakachukua vitumbua na chapati, za moto bado. Kwa muuza matunda wakachukua ndimu, embe mbichi, ndizi mbivu za mzuzu na nazi mbili. Muhogo pia, lakini mzee alimwambia amuulize muuzaji kama ni mtamu au mchungu, maana mchungu una sumu, si wa kutupia kwenye mkaa tu na kula. Na korosho zilizokwisha kubanguliwa. Mgeni akipewa zenye maganda asijaribu kuzikaanga ndani ya nyumba, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na moshi wake unakaba.

Mke alipoamka alikuta barazani chai ya mchaichai, vitumbua na chapati zilizokunjwa na mayai ndani. Wenzetu wa Uganda wanaita rolex. Ukiwa na chapati za kununua, kazi yako ni kukaanga mayai na nyanya na kitunguu dakika tano tu. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Aliinywa yote.

"Boti ni saa tatu," mume akasema. "Mimi na wewe tu."

"Si ulishaenda jana?"

"Nilienda. Sikuona kitu."

Kwenye begi wakaweka maji, korosho, vitumbua vilivyobaki, na embe mbichi zilizokatwa vipande na kupakwa chumvi na pilipili. Chakula cha safari kisichohitaji jiko, kisichochacha kwenye joto la Desemba, na kisichochafua begi. Mabibo, matunda yale ya mkorosho, wangeweza kubeba pia, Desemba yapo. Ila mlinzi aliwakataza kwa gauni jeupe la dada, maana maji ya bibo doa lake halitoki. Wakayala palepale uani, na chumvi kidogo ili yasikereketi koo.

Kisiwani alikanyaga kila mahali. Akasimama ndani ya Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 11, chini ya kuba zilizobaki. Akasimama Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya ukingo unaoangalia bahari, na lile birika la pande nane ambalo jana aliliona kwenye simu. Magofu ya Kisiwani pamoja na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na ukifika unaelewa kwa nini.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita hapa. Akaandika kuhusu huyuhuyu sultani kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Dada alikuwa anajua hiyo tangu shule. Lakini alipoambiwa kwamba kasri lile lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, alitazama kuta kwa muda kisha akauliza swali ambalo mwalimu wake hakuwahi kuliuliza.

"Wageni wote hao. Nani alikuwa anawapikia?"

Mume hakuwa na jibu. Hakuna kitabu cha shule chenye jina la mpishi wa Abu al-Mawahib. Sifa ya ukarimu anapewa mwenye nyumba, jasho linabaki kwa aliye jikoni. Wakakaa kwenye kivuli wakala embe na korosho. Hawakuongea sana. Yeye baadaye alisema kuwa zile ndizo dakika ishirini nzuri kuliko zote za safari nzima.

Waliporudi Masoko, mke akapitiliza moja kwa moja majini. Mume akawaita wanaume wenzake. "Oyaa, jikoni." Walidhani anatania.

Mmoja akakalishwa kwenye mbuzi kukuna nazi. Alikaa upande, akakuna nazi nusu na kidole nusu. Wa pili akapewa kitunguu, akalia kama yuko msibani. Wadada wale wawili wakavuta viti mlangoni kuangalia hiyo sinema, halafu wao wenyewe wakaingia kuchambua mchele, safari hii hakuna aliyeenda kupiga picha.

Chukuchuku ilikwenda hivi. Changu kwenye sufuria, maji ya kuwafunika tu. Ndimu mbili, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kitunguu maji, nyanya mbili, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa ili itoe harufu bila kuwasha. Mafuta hayaingii kabisa. Ikichemka punguza moto, dakika kama kumi na tano hivi, usikoroge kwa mwiko maana samaki watavurugika, tikisa sufuria tu. Kwisha habari. Unakula na wali, ugali au muhogo, na mchuzi unaunywa kama supu.

Pweza akawa kachumbari. Vipande vyembamba, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, nyanya, tango, ndimu, pilipili. Ukinunua aliyechemshwa tayari unatumia dakika kumi. Ukinunua mbichi, mchemshe kwa maji yake mwenyewe bila chumvi mpaka alainike, na hapo uwe na subira ya kutosha.

Kutoka kuwasha jiko mpaka kula ilipita chini ya saa moja. Mke akaitwa akiwa bado na mchanga miguuni. Akakaa, akaonja mchuzi, akanyamaza.

"Vipi?" mume akauliza.

"Chumvi hujaweka."

Jamaa alikuwa ameisahau kabisa. Kikacheka kijiji kizima. Chumvi ikaletwa mezani, kila mtu akajiwekea, na ile sufuria ikaisha mpaka chini.

Jioni hawakutaka kupika kitu kikubwa, wala hapakuwa na haja. Muhogo ukachomwa juu ya mkaa uani, ukapakwa ndimu na pilipili. Kamba wakarushwa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, kitunguu saumu na chumvi (safari hii alikumbuka), dakika nne mpaka tano, wakigeuka rangi watoe, ukizidisha wanakuwa mpira. Wakaliwa na mkate wa boflo wa kuchovya. Mwisho ndizi za mzuzu, zikakatwa, zikachemshwa kwenye tui lenye sukari, iliki na punje ya chumvi mpaka tui likawa zito.

Mke akakumbuka kitu tena kutoka kwa yule Ibn Battuta. Safari ileile ya 1331, alipopita Mogadishu, aliandika alichopewa kula: wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. "Kwa hiyo hiki tunachokula," akasema akiwa na kijiko mdomoni, "watu wa pwani wanajua ujanja wake kwa karibu miaka mia saba. Sisi tumebeba soseji."

Soseji zenyewe zilikuwa zimeshatupwa, zilichacha tangu Jumamosi.

Hapo ndipo palipo na somo kwa wanaopanga kukodi nyumba pwani. Watu wanadhani chakula rahisi ni kile kinachopikwa haraka. Kuku wa kukaanga anapikwa haraka, lakini umenunua Dar, umekata, umebeba, umehangaika na barafu, na mwisho yupo mtu ameachwa na boti. Kilichokuwa rahisi Jumapili kilikuwa rahisi kwa sababu kilinunuliwa asubuhi na kuliwa mchana, hakikulala kwenye friji, nusu yake kilishapikwa na mtu anayejua kazi yake na analipwa kwa hiyo, mama wa vitumbua, muuza pweza. Na zaidi ya yote, kilipita kwenye mikono kumi. Ukitaka orodha ya kubeba kutoka mjini, ni fupi: kisu kikali, chumvi, mchele, majani ya chai, mafuta kidogo. Nyingine zote Kilwa ipo nazo, na wenyeji wanafurahi ukinunua kwao.

Jambo la pili ni la kukubaliana kwenye grupu kabla ya kulipa hela ya nyumba. Andikeni majina. Nani Jumamosi asubuhi, nani Jumapili jioni. "Tutajipikia" isiyo na majina inajulikana itamwangukia nani.

Jumatatu walirudi Dar na deli tupu. Somanga wakasimama tena.

Stori haikuishia kwamba wakaishi raha mustarehe. Januari yule dada alikwenda kwa mama yake na mtoto, kama alivyosema. Mume hakumzuia, alimbebea begi mpaka kwenye gari. Siku ya tatu jioni simu ikaingia picha: sufuria, samaki wawili, nyanya zimekatwa vipande vikubwa kama vya mtu mwenye haraka. Chini ameandika, "Chumvi nimeweka. Chujio liko wapi?"

Alitazama ile picha kwa muda. Mama yake akauliza nani huyo.

"Baba wa huyu."

"Anasemaje?"

"Anauliza chujio."

Mama mtu akatabasamu, hakusema neno. Dada akajibu kwenye simu, "Droo ya pili, chini ya miiko." Alikuwa amepanga kukaa mwezi. Alirudi baada ya siku sita.

Siku hizi Jumapili ni zamu ya mume, na menyu inajulikana, chukuchuku, wiki nyingine kamba kama hela ipo. Kuna Jumapili anakwepa, anasingizia mpira. Kuna siku jiko linabaki limechafuka kuliko kama asingepika kabisa. Lakini mke anasema kuna kitu kimoja kimebadilika. Bado anauliza "una uhakika?" kama zamani. Ila siku hizi anauliza kabla hajavaa viatu.